Usinunue Mashine Mpya Kabla Hujajua ya Zamani Imekosa Nini

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, leo naomba tuzungumzie hela inayopotea kupitia neno moja tu: "imekufa". Mashine ya kukata nyasi imekufa. Pampu ya mzee kule shambani imekufa. Jenereta imekufa. Likishatamkwa neno hilo, kinachofuata ni kutoa hela, iwe dukani huku tuliko au kwa kutuma nyumbani, na mara nyingi hakuna aliyeuliza imekufa kwa ugonjwa gani.

Mimi ni mhasibu, si fundi. Ila nawasaidia jamaa kadhaa hapa Marekani kuandaa hesabu za kodi, na baadhi yao wanakata nyasi za majumbani wikendi ili kuongezea kipato. Kwenye risiti zao naona mashine mpya imenunuliwa Aprili mwaka huu, na nyingine imenunuliwa Aprili mwaka jana. Ukimuuliza mtu ile ya kwanza ilikuwa na tatizo gani, anakujibu "ilikataa kuwaka". Sasa hiyo ni dalili, kama vile mtoto ana homa. Huwezi kutibu homa bila kujua ni malaria au ni mafua.

Msimamo wangu ni huu: mtu yeyote anayemiliki injini ndogo, au anayemlipia mwenzake nyumbani, anatakiwa ajue kuikagua kwa dakika ishirini kabla hajatoa senti. Sisemi uwe fundi. Nasema ujue unalipia nini, kama unavyotaka kujua makato ya kutuma hela kabla hujabonyeza kitufe.

Injini inahitaji vitu vinne tu

Injini ya mashine ya kukata nyasi, ya pampu ya maji na ya jenereta dogo ni ndugu wa tumbo moja. Nyingi zina oili yake pembeni, kama ya gari. Mashine za kufyekea zinazobebwa begani, vipulizia majani na misumeno ya kukatia miti nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Zote zinahitaji mambo manne: petroli nzuri, hewa, cheche ya moto kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda, ule ambao mafundi wetu wanauita kompresheni. Injini ikigoma, kimojawapo kimekosekana. Kazi yako ni kujua ni kipi, na unaanza na cha bei rahisi.

Anza na petroli

Kama mashine ililala kipindi chote cha baridi ikiwa na petroli kwenye tanki, mshukiwa wa kwanza unaye tayari. Petroli inaharibika. Watengenezaji wengi wa injini hizi wanashauri usiweke petroli zaidi ya siku 30 bila kuitia dawa ya kuitunza. Sehemu zake nyepesi zinazosaidia kuwaka huruka hewani, na kinachobaki kinaganda kama gundi kwenye matundu madogo ya kabureta.

Halafu kuna suala la ethanoli. Hapa Marekani petroli nyingi ya vituoni ina ethanoli hadi asilimia 10. Uingereza nako, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, na ile ya bei ya juu mara nyingi ni E5. Ethanoli inavuta unyevu. Maji yakizidi, ethanoli na maji hujitenga na petroli na kuzama chini ya tanki, na injini inavuta kutoka huko huko chini. Utavuta kamba mpaka bega liteguke.

Injini nyingi hizi zinaruhusiwa asilimia 10, lakini E15 na E85 usiweke kabisa, hata kama bei ya pampu inakuvutia. Unachookoa kwenye galoni utakilipa kwenye kabureta.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: toa petroli yote ya zamani, weka mpya, jaribu tena. Ya zamani usimwage kwenye nyasi wala kwenye mfereji, ipeleke pale halmashauri yako inapopokea taka hatari. Ikiwa bado inagoma, fungua plagi, dondosha matone machache tu ya petroli mpya kwenye tundu, rudisha plagi, vuta kamba. Ikiwaka sekunde mbili tatu halafu ikazima, umepata jibu kubwa sana: cheche ipo, mgandamizo upo, tatizo ni petroli kutofika. Hapo angalia mpira unaopitisha mafuta kama umepasuka, chujio dogo la petroli kama limeziba, kisha kabureta.

Kwenye mashine nyingi za kusukuma, kikombe cha chini cha kabureta kinafunguka kwa boliti moja. Katika baadhi ya injini boliti hiyo hiyo ndiyo yenye tundu la kupitisha petroli. Isafishe kwa dawa ya kusafishia kabureta na waya mwembamba wa shaba, taratibu, usilipanue tundu. Na kama tundu limeoza, kabureta nyingi za mashine hizi zinauzwa nzima kwa bei ndogo kuliko saa moja ya fundi.

Cheche

Ukiondoa plagi, isome kabla hujaitupa. Ikiwa imelowa petroli, petroli inafika ila haiwaki, au umevuta mara nyingi mno huku choki imefungwa. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi hewa, na mara nyingi chujio la hewa ndilo limeziba. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, petroli haifiki.

Kupima cheche, kuna kifaa kidogo cha kujaribia ambacho huku kinauzwa kama dola kumi hivi. Nakushauri kinunue badala ya kuishika plagi karibu na tundu lenye mvuke wa petroli. Hakuna cheche? Weka plagi mpya, ni dola chache tu. Bado hakuna? Kabla hujalaumu koili, angalia swichi ya kuzimia na ile waya ya mpini unaoshikwa unapokata. Ikikatika au ikilegea, injini inadhani umeizima.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Pampu na jenereta nyingi zina kihisio cha oili. Oili ikipungua, kihisio kinakata cheche ili kuilinda injini. Oili ipo lakini mashine imeinama? Kinaweza kukata vile vile.

Hapa nina mfano. Jamaa mmoja ninayemfanyia hesabu ana shamba la vitunguu la baba yake Ruaha Mbuyuni, na alimnunulia mzee pampu. Msimu ukiwa katikati akapigiwa na mdogo wake: "Kaka, pampu imekufa kabisa, fundi anasema injini imeisha, tunahitaji laki tano na nusu tupate nyingine, vitunguu vinakauka." Alikuwa ameshafungua programu ya kutuma hela. Nikamwambia piga video kwanza, mwambie dogo aelekeze simu kwenye mashine. Pampu ilikuwa imewekwa kwenye mteremko wa mto, imeinama kama mtu anayekunywa maji. Walipoihamishia mahali tambarare na kuongeza oili kidogo, ikawaka. Fundi hakudanganya kwa makusudi, aliona hakuna cheche akamaliza mazungumzo. Lakini laki tano na nusu ingekuwa imeshatoka, na ile pampu nzima ingeuzwa kama chuma chakavu.

Hewa, na mfuniko wa tanki

Chujio la hewa likijaa vumbi na vipande vya nyasi, injini inakosa pumzi: inatoa moshi mweusi, inakosa nguvu nyasi zikiwa ndefu, inakula mafuta. La karatasi badilisha. La sponji osha kwa maji ya sabuni, likaushe, kisha fuata kitabu kama linahitaji oili kidogo.

Ikiwa inawaka vizuri, inafanya kazi dakika kumi, halafu inazima na kugoma mpaka ipumzike, jaribu jambo dogo sana: legeza mfuniko wa tanki. Mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa. Kikiziba, petroli inashindwa kushuka kwa sababu ndani ya tanki hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Ukilegeza ikaendelea vizuri, tatizo lako ni mfuniko. Kuna mtu kabadilisha kabureta mbili kwa kosa la mfuniko.

Na kwa mashine za kuchanganya oili, ikiwa inawaka lakini haina nguvu kabisa, kuna kiwavu kidogo cha chuma kwenye ekzosi cha kuzuia cheche zisiruke nje. Kinaziba kwa masizi. Kitoe, kisafishe kwa brashi ya waya, kirudishe.

Mgandamizo, na kisiki

Vuta kamba taratibu. Ukihisi upinzani, mgandamizo upo. Kamba ikija laini kama unavuta uzi hewani, hapo tatizo linaweza kuwa la ndani: valvu, gasketi au ringi za pistoni. Hapo ndipo fundi anapostahili hela yake.

Lakini kama mashine iligonga kisiki au jiwe, ikazima ghafla, na tangu hapo inagoma au kamba inakurudisha nyuma kwa nguvu, usiseme injini imekufa. Kwenye shafti ya juu kuna kipande kidogo cha chuma laini, mafundi wanakiita kii, kinachoshikilia flaiwili mahali pake. Katika mashine nyingi za kusukuma kimetengenezwa laini kwa makusudi, kikatike chenyewe kabla vitu vya bei kubwa havijavunjika. Kikikatika, cheche inapiga wakati usio wake. Kipande chenyewe ni dola chache. Ila kama shafti yenyewe imepinda, na utajua kwa mtetemo usio wa kawaida, hapo mara nyingi hesabu inakataa.

Inawaka ila haiendi sawa

Sauti inapanda na kushuka yenyewe, mara juu mara chini: mara nyingi kabureta ina tundu lililoziba kidogo, petroli inafika pungufu. Moshi mweupe au wa bluu: oili inaungua. Umezidisha oili, au mashine ililazwa upande usiofaa. Ukiiinamisha kusafisha chini, hakikisha kabureta na chujio la hewa vinabaki juu. Inapata moto sana: angalia mapezi ya chuma kwenye silinda, nyasi zilizokauka zinajaa pale na kuzuia upepo wa kupooza.

Kwa mashine za kuchanganya, kipimo si cha kukisia. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, sawa na wakia 2.6 kwa galoni ya Marekani. Kama ni 40 kwa 1, ni mililita 25 kwa lita. Ukiweka petroli tupu, pistoni inakwanguka na hiyo kweli inakufa. Mtumie mtu wa nyumbani chupa yenye alama za vipimo pamoja na mashine. Watu wanatuma mashine ya mamia ya dola halafu inauawa na kisoda cha kukisia.

Tuweke hesabu mezani

Bei zinatofautiana, hizi ni za mfano. Mashine mpya tuseme dola 400. Plagi 5, chujio la hewa 10, dawa ya kusafishia kabureta 8, oili 8, dawa ya kutunza petroli 10. Jumla dola 41. Ukifufua ya zamani kwa vitu hivyo, dola 359 zimebaki mfukoni. Hiyo ni hela ya ada, au ni matofali ya ile nyumba unayoijenga kidogo kidogo tangu uondoke.

Wapo watakaosema, "Muda ni pesa. Wikendi nina nyumba kumi za kukata kwa dola 40, siwezi kukaa nachokonoa kabureta huku dola 400 zinanipita." Hoja hiyo naiheshimu, na mimi ningekwambia usipoteze Jumamosi ya kazi. Lakini ukaguzi huu ni wa dakika ishirini, na kwenda dukani, kuchagua, kupakia na kuunganisha mashine mpya ni zaidi ya hapo. Tena mwenye hoja hiyo ndiye anayetakiwa kuwa na plagi, chujio na kii za akiba kwenye buti la gari, na mashine kuukuu ya pili iliyonunuliwa kwa jirani kwa bei ya kutupa kwa sababu "imekufa".

Wengine watasema nunua ya betri uachane na kabureta. Kwa bustani yako ndogo ya nyumbani, nakubali, na mwelekeo ndio huo: California imeweka sheria kwamba mashine mpya nyingi za aina hii zinazotengenezwa kuanzia 2024 zisitoe moshi kabisa. Lakini anayekata nyumba kumi kwa siku anahitaji betri kadhaa, na betri nazo zina bei. Piga hesabu ya betri pia, usihesabu mashine peke yake. Na ya petroli uliyonayo tayari usiitupe kwa sababu ya tundu lililoziba.

Kanuni ninayowapa wateja wangu: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kupata mashine nyingine ya hali kama hiyo, iache. Lakini kanuni hiyo inafanya kazi tu kama unajua tatizo ni nini. Ukienda kwa fundi, usiseme "haiwaki". Sema "petroli nimebadilisha, cheche ipo, ukidondoshea petroli inawaka inazima". Utalipia kazi ya kabureta badala ya kulipia saa mbili za kutafuta. Na uliza mapema ada ya kukagua ni kiasi gani.

Kwa walioko Marekani na wanaofanya hii kama biashara, tunza risiti zote. Plagi, oili na malipo ya fundi ni gharama za biashara, zinapunguza faida unayotozwa kodi. Kumbuka faida ya kujiajiri ikifika dola 400 kwa mwaka, IRS inataka uripoti na ulipe kodi ya kujiajiri. Kuficha hakukusaidii, risiti ndizo zinazokusaidia.

Ikiwa mashine iko nyumbani

Kabla hujatuma hela, piga video na uulize kwa mpangilio huu. Imesimama mahali tambarare? Oili iko kiwango gani kwenye kijiti? Petroli ni ya lini, na ilinunuliwa kituoni au kwenye chupa barabarani? Bomba la petroli limefunguliwa? Choki iko wapi? Mfuniko ukilegezwa inakuwaje? Plagi ikitolewa imelowa au kavu? Maswali saba. Kama majibu yote yako sawa na bado inagoma, tuma hela ya fundi kwa moyo mweupe, na omba picha ya kifaa kilichobadilishwa. Hujamshuku mtu, umefanya kazi ya mweka hazina wa familia.

Na kwa wanaopakia mashine kwenye kontena la kwenda Dar au Mombasa: toa petroli yote kwenye tanki, kisha washa injini mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Mzigo haupaswi kusafiri na mafuta kwa usalama wa meli, na zaidi ya hapo, safari ndefu na petroli kwenye kabureta inamaanisha mzee atapokea mashine iliyoziba, na utaambiwa umetuma mzoga.

Usalama, tafadhali

Kabla hujagusa kisu cha chini, chomoa waya wa plagi. Injini ikigeuka hata nusu mzunguko inaweza kukuondolea vidole. Usiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Acha injini ipoe kabla ya kumimina petroli, na sigara iwe mbali. Bili ya hospitali moja Marekani inanunua mashine nyingi sana.

Msimu ukiisha, Oktoba au Novemba, fanya moja kati ya mawili: kausha tanki na kabureta, au weka dawa ya kutunza petroli kwenye petroli mpya na uwashe injini dakika kumi ili ifike mpaka ndani ya kabureta. Kazi hiyo ya robo saa ndiyo itakayoamua kama Aprili ijayo utatuma hela nyumbani au utaiacha kwenye duka la mashine. Anza leo na ile iliyoko gereji: fungua tanki, nusa. Petroli ikinuka kama rangi ya mafuta, unajua pa kuanzia.